Chumvi ya Marehemu

Rehani wa Bigwa alikuwa mwoga, tena mwoga wa kutajwa. Nasema mapema ili mtu asije akanikatiza katikati akauliza mbona mtu wetu anatetemeka kila mahali. Anatetemeka ndiyo, ulitaka afanyeje? Aliogopa nyoka, aliogopa mto ukijaa, na aliogopa askari wa boma kuliko nyoka na mto vikiwa pamoja. Miaka ile ya Mjerumani, aliyejidai haogopi askari alikuwa mwongo au hajawahi kukutana nao. Vijana wa leo mnaiona ramani imebandikwa ukutani, milima ya Uluguru imezungushiwa mistari myembamba, mnadhani mistari ile ilijichora. Haikujichora. Kuna watu walipanda na mizigo begani ndipo ikachorwa, na mmoja wao ni huyu mwoga wangu.

Alikuwa na shamba la mtama na migomba pale mlima unapoanzia, na mkewe Shamsia, mwanamke mpole asiyeuliza mambo mara mbili. Lakini mtu aliyekuwa roho yake alikuwa dada yake, Asia. Asia ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, akamlisha, akamfunza kutembea na kumkimbilia akianguka. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya bonde, na mwenye ulafi mmoja tu duniani: chumvi. Wenzake wakiiba sukari guru, yeye aliiba chumvi. Aliimwaga kiganjani akailamba taratibu, macho ameyafumba, kama mtu anayesikiliza habari nzuri. Walimkanya weee, wakachoka.

Na kwetu mnajua, mtoto ni wa ukoo wa mama. Wana wa Asia ndio waliokuwa warithi wa Rehani, wapwa zake, damu yake. Kwa hiyo alipomwogopea Asia, aliuogopea ukoo mzima.

Kulikuwa na mtu mwingine katika maisha yake, naye ni Dadi. Dadi alikuwa mtani wao, wa ukoo unaotaniana na ukoo wao tangu enzi za mababu. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui ya utotoni, mwenyewe akisema nyuki walimpenda kupita kiasi. Mama yao akina Rehani alipofariki, Dadi ndiye aliyechimba kaburi, Dadi ndiye aliyeshuka mwanandani kumlaza, na Dadi huyohuyo ndiye aliyesimama mbele ya waliaji akasema bibi huyu amekufa kwa makusudi, amechoka kupikia wageni wasiokwenda kwao. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Akamkamata jogoo uani akaenda zake, na hakuna aliyemuuliza. Ndiyo haki ya mtani. Huwezi kumkasirikia, na siku ya kufa huwezi kumkosa.

Sasa ikaja vita ya Majimaji, ikapita, na baada yake ndipo tabu zilipoanza hasa. Askari wakawa wanashuka vijijini kuchukua watu wa kazi. Reli ilikuwa inajengwa, mashamba ya wazungu yanafunguliwa, na kote huko wanatakiwa watu wenye mabega. Mume wa Asia akachukuliwa kwenda kwenye reli. Hakurudi, wala habari zake hazikurudi. Halafu jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na boma, akapita akawatazama watoto wa kiume wa Asia, ambao sauti zilikuwa zinaanza kuwa nzito, akasema hawa mwakani watafaa.

Asia hakungoja mwakani. Aliwachukua wanawe, na majirani wachache waliokuwa na hofu kama yake, wakapanda kukipita kilele cha Bondwa, wakateremkia upande wa pili kwenye bonde lililozungukwa na msitu mnene. Rehani ndiye aliyewapeleka. Wakajenga vibanda, wakapanda mahindi na magimbi, na bonde lile hawakulipa jina, kwa maana jina likishakuwepo litatoka siku moja mdomoni mwa mtu. Waliliita Kule tu. "Nakwenda Kule." "Wa Kule hawajambo." Mtu akisikia, anajua nini? Hajui kitu.

Bonde lile lilikuwa halionekani popote ila mahali pamoja, juu ya mgongo wa mlima ulioliinamia. Moshi ndio ungewaumbua. Kwa hiyo Rehani akawawekea sharti, akalirudia mpaka watoto wakaliimba: ukiuona mlima, zima moto, usipouona, pika. Huko ukungu haukosekani, na ukungu ukishuka hata mkono wako huuoni. Wakaishi hivyo, wakipika ndani ya ukungu na kula kilichopoa jua likiwaka. Kitu kimoja tu ardhi ya huko haikutoa, nacho ni chumvi. Ile alikuwa akiipeleka Rehani mwenyewe, ameifunga katika nguo, akigeuka nyuma njia nzima. Alijua wakikamatwa vijana watafungwa kamba shingoni na kupelekwa walikopelekwa baba zao, na yeye aliyewaficha atalazwa kifudifudi mbele ya boma apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kama hawataamua kumtundika kabisa. Alijua, akaenda vivyo hivyo. Mwoga gani huyo? Mimi sijui, nyinyi semeni.

Ndipo akaja yule mzungu wa kupima milima.

Watu walimwita Bwana Miguu Mitatu, kwa sababu ya chombo chake. Kilikuwa na jicho la kioo juu na miguu mitatu ya mbao chini, na kila alipokisimamisha, watu walisogea nyuma. Alikuwa akipanda kileleni, anaamuru miti ikatwe ili jicho lipate kuona mbali, anarundika mawe na kusimika bendera, kisha anainama kwenye kile kioo kutwa nzima akinong'ona peke yake. Mjini wakasema jicho lile linapenya mlima na kuona upande wa pili. Wengine wakasema linahesabu nyumba. Lile la pili ndilo lililomnyima Rehani usingizi, maana halikuwa mbali na ukweli. Kila kilichoonwa na jicho kilikwenda kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa ikienda boma.

Jumbe alipoambiwa atoe watu wanaozijua njia za juu, akamtaja Rehani. Si kwa ubaya, alimwona tu akipandapanda. Akamtaja na Dadi. Rehani alipopata habari alikaa kwenye kizingiti. Kisha akaingia ndani, akafunga chumvi katika nguo, akaificha kiunoni. Alijiambia kwamba msafara ukikaribia Kule atachomoka hata kama ni kwa kisingizio cha kwenda haja, ateremke, awaambie wasiwashe moto hata wa kuwashia kiko. Shamsia aliiona ile chumvi, akageuza uso akaendelea kutwanga.

Mzigo aliopewa ulikuwa ile miguu mitatu yenyewe. Akaibeba begani siku kutwa, na kila ilipomgonga shingoni alihisi kama ameshikwa. Mara moja, katika kilele cha kwanza, Bwana alikuwa na furaha zake, akamwashiria atazame kwenye kioo. Rehani akatazama. Akaiona Bondwa imening'inia kichwa chini, miti yake imeelekea ardhini, na mawingu yako chini yake. Akaruka nyuma, na mzungu akacheka sana. Lakini Rehani hakuona la kuchekesha. Mlima aliozaliwa chini yake umepinduliwa kama kikapu, na kikapu kikipinduliwa vilivyomo humwagika. Aliwaza hivyo mpaka jioni.

Mtu wa kuogopwa zaidi hakuwa mzungu. Alikuwa Salehe, mkalimani. Mtu wa Bagamoyo huyu, tarbushi yake safi hata porini, swala hazimpiti, sauti ya chini, na masikio ambayo hayakupitwa na kitu. Askari walipiga kelele, na mtu anayepiga kelele unajua alipo. Salehe alikaa kimya pembeni, ukageuka ukakuta anakutazama.

Walikuwa wamepumzika kando ya kijito, juu kabisa, pale msitu unapoanza kuvaa ndevu za kuvu. Rehani akainama kunywa maji, na lile fundo la chumvi likachungulia kiunoni. Dadi, aliyeijua siri ya Kule, akaliona. Na mtani ni mtani, mdomo wake haungoji ruhusa.

"Mtazameni huyu," akasema, "amebeba chumvi ya dada yake. Yule dada mla chumvi, akikosa atakula mawe."

Wapagazi wakacheka. Rehani hakuinua kichwa majini. Aliposimama, Salehe alikuwa anatabasamu kidogo, akauliza taratibu, kama mtu anayepitisha muda, "Ana dada huku juu?" Dadi akazuga, akaanza hadithi nyingine kuhusu mama mkwe na mbuzi, watu wakacheka tena. Ila uso wake ulikuwa umebadilika, na Rehani aliuona. Hapo Rehani akaijua aibu na hofu kwa pamoja. Angemfanya nini? Mtani hakosei. Hata akikuua kwa mdomo wake, hakukosea.

Tangu hapo hakupata nafasi ya kuchomoka. Kila alipokwenda kichakani askari mmoja alikuwa nyuma yake.

Wakafika kwenye ule mgongo wa mlima, na Mungu si Athumani, wakaukuta umefunikwa. Ukungu mzito, mweupe, unaolowesha nguo bila mvua. Bwana Miguu Mitatu akasimamisha chombo chake, akainama, akainuka, akatukana kwa lugha yake. Akaamuru hema lipigwe, wangoje. Rehani alifurahi mpaka akataka kusujudu. Aliomba ukungu ukae mwezi mzima, ukae mpaka mzungu azeeke. Siku ikapita, na ya pili yake, ukungu umekaa tu.

Halafu akakumbuka.

Usipouona mlima, pika. Maneno yake mwenyewe, aliyowaimbisha watoto. Mlima sasa hauonekani, na chini huko Asia anapika. Amefurahi, jamani, amepata ukungu wa siku nyingi, anapika vya leo na vya kesho. Na kadiri ukungu ulivyokaa ndivyo moto ulivyowaka. Rehani akaketi juu ya jiwe akashika kichwa. Mara upepo ukapanda kutoka bondeni ukamletea harufu ya mahindi ya kuchoma. Akatazama wenzake. Mpagazi mmoja akavuta pua, akauliza nani anachoma mahindi, mwingine akamjibu njaa imekuingia puani. Salehe naye aliinua uso, akakaa hivyo kidogo, kisha akarudi kwenye tasbihi yake. Rehani alianza kuomba kinyume na alivyoomba jana, ukungu uondoke sasa hivi, Asia auone mlima, azime moto. Akaona kwamba ukiondoka polepole watapona, ukiondoka ghafla wamekwisha. Hata kuomba kukamshinda.

Uliondoka ghafla. Ilikuwa asubuhi, upepo ukaja mmoja mkubwa, ukungu ukapasuka na kukunjwa kama jamvi, na bonde lote likawa wazi chini ya miguu yao, kijani, limetulia. Katikati ya msitu ukasimama moshi. Mwembamba, ulionyooka, wala si wa kuuliza mara mbili. Ndani ya muda wa kukohoa ukakatika, mtu ameuzima. Lakini Bwana alikuwa ameshainama kwenye kioo, na mkono wake uliokuwa ukikizungusha chombo ukawa umesimama.

Akasema maneno machache. Salehe akafunga tasbihi, akamjia Rehani.

"Bwana anauliza nani anakaa pale."

Ulimi wa Rehani uliganda. Si kwamba alikataa kujibu, hapana, haukuwepo. Magoti yalikuwa yanagongana mpaka wapagazi wakayasikia. Salehe akamtazama magoti, akamtazama kiunoni.

"Yule dada mla chumvi," akasema.

Mzungu akauliza tena, kwa ukali. Askari wawili wakasogea. Na hapo, nawaambieni, Dadi akatua mzigo wake chini. Yule Dadi ambaye hata mbele ya maiti hakukosa la kuchekesha, akaja akasimama kati ya Rehani na Salehe, na usoni mwake hapakuwa na mzaha hata wa dawa.

"Ni ndui," akasema. "Wale pale ni wa ndui. Walikimbilia huko wasituambukize. Dada yake nimemzika mimi mwezi huu."

Salehe hakushtuka upesi. Akamkumbusha kwamba juzi tu kijitoni alimtania huyo dada kwamba anakula chumvi, na anayekula chumvi ni mzima. Alilisema kwa upole, na ule upole ulikuwa kamba.

Dadi akamjibu, "Mimi ni mtani wao. Kwani kwenu Bagamoyo mtani hamtanii maiti? Yuko kaburini nikamtania, na matanga yakifika nitamtania tena. Chumvi hiyo ni ya chakula cha matanga. Na nani mwingine angemzika mwenye ndui, kama si mwenye uso huu?" Akaligeuzia jua lile shavu lake lenye makovu.

Nani angelipangua hilo? Salehe alikuwa mtu wa pwani, na pwani watani wapo. Alijua maiti hutaniwa. Alijua aliyeugua ndui akapona ndiye anayezika wa ndui. Akampita Dadi, akamsimamia Rehani uso kwa uso, akamtaka aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Dada yake anaitwa nani, na yuko wapi.

Hapa ndipo penyewe. Watu wa leo mtaona ni jambo dogo, uongo wa kuokoa watu, useme upite. Kwao halikuwa dogo. Kumtaja mzima kwa jina lake ukasema amekufa, wewe wa tumbo moja naye, juu ya mlima wenu, mtani akiwa shahidi: neno kama hilo likishatoka linatafuta pa kukaa. Rehani aliliogopa kuliko kiboko. Aliona kabisa kwamba asiposema, Asia atachukuliwa leo, na akisema, atakuwa amemwitia kifo, na kifo kikiitwa hakirudishwi.

"Asia," akasema. "Asia amekufa."

Na akalia. Hakuigiza, alilia kilio cha msiba hasa, akaanguka chini akashika majani. Salehe akaiweka sawa tarbushi yake. Akasema sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, akainua mikono, na Waislamu wote waliokuwepo pale wakainua mikono wakamsomea Asia Fatiha. Rehani naye akainua yake, kwa sababu wangeshangaa asipoinua. Akamsomea dada yake, ambaye chini huko bila shaka alikuwa amekaa mbele ya jivu la moto wake, amebana pumzi.

Salehe akamgeukia mzungu akamweleza. Bwana aliposikia habari ya ndui alirudi nyuma kutoka ukingoni kana kwamba ingempandia. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akatoa amri, hema likaanza kung'olewa. Na hao wawili, ndugu wa marehemu na mzishi, wakaambiwa watoke mbele yake saa hiyohiyo. Hawakuaga. Waliteremka kwa kubingirika zaidi kuliko kutembea.

Asia walimkuta amesimama mlangoni, mzima, mikono ina unga. Rehani hakuweza kumtazama. Dadi akamwamkia, "Pole sana, marehemu," kisha akamweleza yote bila kuficha, hata lile la mdomo wake kule kijitoni. Wanawake wengine wakashika vinywa. Asia alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe nimekufa," akasema. "Na chumvi umeileta?"

Rehani akafungua kiuno akampa. Akailamba palepale, macho ameyafumba, na mdogo wake akamwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokonda.

Siku hiyohiyo walihama, maana karatasi ya mzungu ingefika boma, na boma likisikia ndui huleta moto. Wakavuka mabonde mpaka upande wa pili wa milima, kwenye kijiji cha watu waliowapokea bila maswali. Rehani alikuwa amesharudi Bigwa alipoona moshi mkubwa ukipanda nyuma ya Bondwa. Vibanda, mahindi, kila kitu. Watu wakamjia kumpa pole ya dada yake, akazipokea. Shamsia akafunga kanga ya msiba, akapika chakula cha matanga, na Dadi akaja akala, akamtania marehemu kama ilivyo ada. Hawakumwambia mtu.

Huko ng'ambo Asia hakuitwa tena Asia. Aliitwa Mama Mosi, kwa jina la binti yake, kwa sababu Asia alikuwa maiti katika karatasi za boma. Na Rehani hakulitamka jina lile tena, hata ndani ya nyumba yake. Kila ilipokuja habari kwamba Mama Mosi ana homa, alikimbia kuvuka milima akijua neno lake limefika. Akamkuta amepona, anamcheka. Akarudi, akaanza upya kungoja. Miaka akaishi hivyo, akiwa msibani na hana maiti.

Siku moja mjini, Mwembesongo, alikuwa amenunua chumvi, anaifunga, akahisi kuna mtu amesimama nyuma yake. Akageuka. Tarbushi safi, sauti ya chini. Salehe alikuwa ameota mvi. Akaitazama ile chumvi kwa muda mrefu, tena nyingi, si ya mke na mume.

"Marehemu wenu wanakula sana chumvi," akasema Salehe.

Kisha akaenda zake sokoni, mikono nyuma. Rehani alisimama pale mpaka mwenye duka akamuuliza kama anaumwa. Alirudi nyumbani akangoja askari. Akangoja wiki, akangoja mwezi, kila mbwa akibweka anajificha uani. Hawakuja. Hakujua kamwe kama yule mtu alikuwa amejua tangu siku ileile mlimani, wala hakuthubutu kumtafuta amuulize.

Asia alikufa kweli mwaka mmoja kabla ya vita kubwa ya wazungu. Si ndui, wala askari, kichomi tu cha masika kama wengine. Rehani aliitwa, akavuka milima na chumvi kiunoni, akakuta mlango umefungwa na wanawake wamekaa chini. Dadi akafika baadaye, amezeeka, anachechemea. Watu wa kijiji kile walijua kwamba mtani amekuja, wakangoja aseme. Akasimama mbele ya mlango akashika kiuno.

"Huyu mimi nilishamzika," akasema kwa hasira. "Nani kamfukua?"

Wakacheka sana, wakaona ni utani tu. Hakuna aliyejua ila Rehani, naye hakucheka. Dadi akachukua jembe akaenda kuchimba, na hakutaka mtu amsaidie.

Walipokwisha kufukia, mwalimu wa dini akakaa kichwani mwa kaburi asome talkini, mafunzo ya mwisho kwa maiti. Talkini haisomwi kwa Mama fulani. Maiti huitwa kwa jina lake na jina la mama yake, ndivyo atakavyoitwa huko aendako. Mwalimu akauliza jina la marehemu. Watu wakatazamana. Hakuna aliyelijua, miaka yote ile, na wanawe walikuwa wamefunzwa wasilitaje, wakainamisha vichwa. Wakamtazama mjomba wao.

Rehani akafungua kinywa, na ulimi ukaganda vilevile kama siku ile. Akajikuta ameinua macho kuutazama mlima, kama unaonekana au hauonekani.  Mwalimu akangoja, mvua ya rasharasha ikaanza kuwadondokea.

Dadi alikuwa ameegemea jembe, udongo umemjaa mikononi.

"Sema, Rehani," akamwambia kwa sauti ndogo. "Moto umezimika."

Basi akasema. Akasema Asia, na akalitaja na jina la mama yao, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wanawake. Mwalimu akaanza kusoma. Rehani akakaa chini pembeni ya kaburi, na alipokaa lile fundo la kiunoni likamchoma ubavu. Akalifungua, akalitazama, hakujua alifanye nini. Dadi akanyoosha mkono akalichukua, maana mtani ana haki yake, akatia chumvi kidogo kinywani. Na safari hii hakuwa na la kusema.